Tupeane uzoefu: siku uliyoshuka chini ya bahari ya visiwani, ulikutana na nani?

Mwalimu wa Dodoma (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Nimerudi kutoka Mafia wiki mbili zilizopita na hadi leo nikifumba macho naona madoa meupe yakipita. Nimezaliwa Kondoa, nimekulia Dodoma mjini, na bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka 22. Nilipofika 39 nikaanza kuweka kidogo kidogo kwenye kikoba kwa ajili ya jambo moja tu: kushuka na mtungi wa hewa nikaone kuna nini huko chini. Tulipovunja kikoba Desemba, nikafunga begi.

Nilipita njia ya wengi. Gari la Mbagala hadi Nyamisati, halafu boti. Unaanza kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, maji yana rangi ya chai ya maziwa, kisha yanageuka kijani, kisha buluu, na ukiona hiyo buluu ujue bara umeliacha. Ndege kutoka Dar ni kama nusu saa, ila nauli yake ingenimalizia pesa ya mbizi. Kutoka Kilindoni nikachukua bajaji hadi Utende, nikalipia kiingilio cha hifadhi getini. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, ndiyo ya kwanza Tanzania, na ina kilomita za mraba 822 zenye vijiji ndani yake. Kwa hiyo unaposema umeingia hifadhini, umeingia pia nyumbani kwa watu.

Siku ya kwanza hatukwenda popote, tulikaa kwenye maji ya kifua. Mwalimu wangu, kijana wa kisiwani, alinipa sheria moja kabla ya zote: usizuie pumzi. Kesho yake akanionyesha kwa nini. Alishuka na chupa tupu ya plastiki ya maji ya kunywa, kizibo kimekazwa. Tulipofika mita 10 ilikuwa imebonyea, kana kwamba mtu ameikamua mkononi, hewa imebaki nusu ya nafasi yake. Tulipopanda ikanyooka tena taratibu, inatoa mlio mdogo. Juu ya boti akaniambia, "Mwalimu, sasa chukua hiyo chupa ndiyo pafu lako. Umelijaza huko chini, halafu ukapanda umefunga mdomo. Litanyooka hadi wapi?" Mimi ni mwalimu wa sayansi, nimefundisha mgandamizo wa hewa miaka 15 ubaoni. Siku ile ndiyo niliuelewa kifuani mwangu.

Mbizi yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa ndani ya Ghuba ya Chole. Kilichonishangaza mwanzo ni sauti. Nilidhani chini ni kimya. Kumbe mwamba unapasuka pasuka muda wote kama mafuta yakikaangia vitunguu. Ni kamba wadogo wanaofyatua makucha yao kwenye mashimo. Tulimkuta kasa aina ya ng'amba ameegemea tumbawe kwa mkono mmoja, anavunja sifongo kwa ule mdomo wake wa kasuku. Kila akivunja kipande, samaki wadogo wanakimbilia makombo. Hakuhangaika na sisi kabisa. Alikula, akapumzika, akageuza shingo akanitazama kwa jicho lenye mikunjo kama la bibi kizee, akaendelea kula. Nilitumia hewa nyingi kuliko wote siku ile kwa sababu nilikuwa nalia ndani ya miwani.

Siku ya mwisho tukaenda upande wa Kilindoni kumtafuta papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote. Kule hakuna mtungi, ni miwani, mrija na mapezi tu. Wavuvi walikuwa wanavuta nyavu, uduvi umejaa juu ya maji hadi yanaonekana ya waridi, na katikati ya uduvi huohuo potwe naye anakula chakula chake. Niliruka, nikatazama mbele, sikuona kitu. Nikatazama chini: madoa. Safu za madoa meupe juu ya mgongo wa kijivu, zinapita, zinapita, haziishi. Wakasema ana mita 6 au 7. Mdomo wazi, mpana kama mlango wa kabati, na ndani hakuna jino la kukutisha. Pezi lake la mgongoni lilikuwa limekatika ncha. Nilikaa mita 3 kando kama tulivyoelekezwa, mikono nimeikunja kifuani, nikaogelea naye labda dakika nne. Kisha akainamisha kichwa akashuka, na lile giza la kijani likamfunika.

Sasa leteni yenu. Mafia, Pemba, Unguja, Watamu, popote penye kisiwa na maji ya moto. Mlikutana na nani?

Kijana wa Juani

Karibu tena Mafia, Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa kisiwa cha Juani na nafanya kazi ya kuongoza wapiga mbizi, mwaka wa tisa huu.

Niongezee jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Ghuba ya Chole ina mlango, tunauita Kinasi. Maji yote ya ghuba yanaingia na kutoka pale, kwa hiyo mkondo wake si wa mchezo, hasa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Tunashuka maji yakiwa yanajaa, kwa sababu mbili: maji ya bahari kuu yanaingia masafi, na mkondo ukikuchukua unakupeleka ndani. Maji yakitoka unapelekwa nje, na nje ni bahari tupu. Pale Kinasi ndipo wanapokaa chewa wakubwa, wengine wana urefu wa mtoto wa darasa la tatu. Yupo mmoja ananifuata kila nikishuka, anakaa nyuma ya bega langu kama mlinzi. Mgeni akigeuka anamkuta uso kwa uso.

Baba yangu alikuwa mvuvi na anakumbuka enzi za uvuvi wa baruti. Anasema ulikuwa unasikia mlio hata ukiwa shambani. Sehemu iliyopigwa bomu ukishuka leo utaitambua: vifusi vya matumbawe vimelala kama kokoto, na samaki wanapita juu yake bila kusimama. Lakini pembezoni matumbawe machanga yameanza kushika. Huwa nawapeleka wageni pale pia, siwafichi.

Swali kwako: picha ya huyo potwe unayo? Ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua?

Mama Wawili, Mwanza

Mwalimu umenitoa machozi. Naomba kuuliza wanaojua: mimi kuogelea ni kule kwa kujifunzia Ziwa Victoria utotoni, kwa kubahatisha tu. Inawezekana kweli, au ni mambo ya vijana?

Mwalimu wa Dodoma

Dada, inawezekana. Ukitaka cheti kamili utaombwa kuogelea mita 200 bila kukimbizwa na saa, na kuelea dakika 10. Cheti cha kwanza kinakuruhusu hadi mita 18. Kama hujafika huko kuna mbizi ya majaribio, mwalimu anakushika muda wote na hamvuki mita 12. Niliwaona wazee wa miaka 60 na kitu wakifanya. Kinachohitajika zaidi ni utulivu. Anza na maji ya kifua, na ukiona moyo unakwenda mbio sema, usione aibu.

Mwana wa Wete

Asalaam alaykum. Mie Mpemba, na nataka kumsemea pweza.

Mama yangu kachokoa pweza maisha yake yote. Bamvua likikauka, wanawake wanashuka mwambani na vijiti, mie mdogo nafuata na kikapu. Pweza nimemjua akiwa keshapigwa, keshaanikwa, au yumo kwenye mchuzi wa nazi. Hai katika nyumba yake sikuwahi kumuona mpaka nina miaka 30, siku rafiki yangu aliponichukua Misali kupiga mbizi.

Misali wenyewe mnaijua hadithi yake. Wazee wanasema Nabii Hadhara alifika pale akaomba mswala wa kusalia, wavuvi hawakuwa nao, akasema basi kisiwa hiki kitakuwa misali ya mswala wangu. Kisiwa hakina wakaazi wa kudumu, wavuvi hukaa dago tu, yaani kambi ya muda, na tangu 1998 ni eneo la hifadhi. Upande wa magharibi mwamba unakatika kama ukuta, chini yake ni Mkondo wa Pemba, kina chake ni mamia ya mita. Unaning'inia pale, mbele ukuta wa matumbawe, nyuma buluu isiyo na mwisho. Nilisoma dua zote ninazozijua.

Basi kwenye kama mita 14 rafiki yangu akanionyesha jiwe. Nikalitazama, jiwe. Akanionyesha tena. Jiwe likafumbua jicho. Wallahi ngozi yake ilikuwa na vinundu na rangi ileile ya mwani uliokuwa pembeni. Tukakaa kimya, tukapumua polepole. Baada ya muda akatoa mkono mmoja, akaugusa mchanga, akaurudisha. Akatoka mzima mzima, na akitoka akawa mwekundu, akipita juu ya mchanga akawa mweupe, akifika kwenye majani akawa kahawia, yote hayo kabla sijamaliza pumzi tatu. Mlangoni kwake alikuwa kapanga magamba ya kome na chaza kama mtu aliyejenga ukuta wa ua.

Nilipomhadithia mama hakushangaa. Akanambia, "Mwanangu, pweza jike akitaga hali tena mpaka mayai yaangue, kisha anakufa. Wewe ulidhani tunafunga mwamba kwa nini?" Kwani siku hizi baadhi ya vijiji Pemba hufunga sehemu ya mwamba miezi kadhaa ili pweza wakue na watage, kisha hufungua wakavua wote. Mama alilijua hilo kabla yangu mie niliyeshuka na mtungi mgongoni.

Mdigo wa Kwale

Hamjambo. Huku kwetu Kenya huyo potwe wazee humuita papa shilingi. Wanasimulia kwamba Mungu alipomuumba alimpenda mno, akamrushia shilingi za fedha kutoka mbinguni, zikamganda mgongoni. Nikiwasoma hapo juu mnavyosema madoa, nikacheka kwa furaha.

Mimi huenda hifadhi ya bahari ya Kisite, unatoka Shimoni, unakipita kisiwa cha Wasini, pomboo wakitaka watakusindikiza njiani. Lakini kisa changu si cha kuona, ni cha kusikia. Kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi wenye nundu hutoka maji ya barafu ya kusini wakaja pwani yetu kuzaa. Tulikuwa mita 15, maji yana vumbi la kusi, huoni mbali. Nikasikia kitu kama mlango mkubwa wa mbao unafunguliwa polepole. Kimya. Kisha sauti nyembamba ikapanda, kama ya mtoto. Kiongozi wetu akaweka mkono sikioni, sote tukasimama. Ule mlio nilikuwa nausikia kwenye mbavu kuliko masikioni. Hatukumwona, na huenda alikuwa mbali sana kwa sababu sauti majini hufika mbali, na husafiri kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani. Tuliporudi botini hakuna aliyesema neno mpaka tukaliona gati la Shimoni.

Na naomba jambo moja. Pomboo msiwafukuze. Niliwahi kupanda boti sehemu nyingine, sitaitaja, tukawazingira pomboo boti saba, injini zinanguruma, watu wanarukishwa juu ya vichwa vyao. Kulikuwa na mtoto wa pomboo pale katikati, mamake anamfunika kwa ubavu. Nililipa pesa kwa ajili ya hilo na hadi leo linaniuma. Boti nzuri huzima injini, ikangoja. Pomboo akitaka kuja atakuja.

Fundi Umeme, Dar

Mimi nilete upande wa pili ili msije mkaumia. Nilishuka nikiwa na mafua. Kituo nilichokwenda hawakuniuliza afya yangu, walinipa fomu nikasaini bila kusoma, na mimi sikusema kwa sababu nilikuwa nimeshalipa. Kwenye mita 4 sikio la kushoto likaanza kubana. Nikabana pua nikapuliza, halikufunguka. Nikaona aibu kuwachelewesha wenzangu, nikaendelea. Kwenye mita 8 nikasikia kitu kama uzi umekatika, kisha baridi ikaingia kichwani na bahari ikaanza kuzunguka. Sikujua juu ni wapi. Mwenzangu akanishika jaketi, akanionyesha mapovu yangu. Mapovu siku zote yanakwenda juu. Tukayafuata polepole.

Ngoma ya sikio ilipasuka. Wiki sita bila kuruhusiwa maji hata ya kuoga kichwani. Imepona, nimeshuka tena mara kadhaa, lakini sasa najua: sikio unalifungua mapema, kila mita moja, kabla halijauma. Likikataa unapanda kidogo unajaribu tena. Likikataa tena, siku yako imeisha, hata kama chini kuna potwe kumi.

Na ndege. Ukishapiga mbizi za siku kadhaa, kaa angalau saa 18 ndipo upande ndege, kwa sababu naitrojeni uliyoivuta chini bado imo mwilini. Ile njia ya boti ya Mwalimu ina faida hapo.

Bint Malindi ya Unguja, niko Maskati

Shukran kwa uzi huu. Nimezaliwa Unguja mtaa wa Malindi, nimehamia Omani na familia nikiwa na miaka 12. Unguja sikuwahi kuweka uso majini, naona haya kusema, na nyumba yetu ilikuwa dakika tano kutoka bandarini.

Hapa tuna visiwa vya Daymaniyat, ni hifadhi tangu 1996, mwendo mfupi wa boti kutoka ufuko wa Barka na Seeb. Tulikuwa wanawake watano, mwalimu mwanamke. Nilivaa nguo ya mbizi ya mwili mzima, na kofia yake ya mpira inafunika nywele yote, kwa hiyo dada zangu mnaojistiri, hilo lisiwazuie. Juu maji ni ya moto kabisa, ukishuka kuna mahali unakata tabaka unaingia kwenye maji ya baridi kama umefungua friji, na unaliona hilo tabaka linametameta.

Ng'amba wanatagia visiwa hivyo, ndiyo maana msimu wao huruhusiwi kukanyaga ufuko. Tuliwaona wanne mbizi moja. Na chini ya jabali alilala papa mwenye madoa kama chui na mkia mrefu karibu sawa na mwili wake. Nilipomuona neno papa lilinijia na hofu yote ya utotoni. Alikuwa amelala tu juu ya mchanga, matamvua yanafunguka na kufunga. Nikasimama mbali nikamhesabia pumzi. Nilipotoka nikampigia bibi yangu Unguja, nikamwambia nimekaa na papa chumba kimoja. Akasema, "Haya, mwakani uje ukae na wa kwetu."

Nimekata tiketi, nakuja Februari. Mwana wa Wete, nitakutafuta kwa habari za Misali.

Mwalimu wa Dodoma

Asanteni sana nyote. Kijana wa Juani, picha nimekutumia faragha. Si nzuri, mkono ulitetemeka, ila ubavu wa kushoto unaonekana na lile pezi lililokatika pia.

Halafu nimesahau kuwaambia jambo. Jioni moja tulivuka kwenda Chole kwa dau. Kuna mti umejaa popo wakubwa wa matunda, wananing'inia kama maembe meusi. Jua lilipozama wakaruka mmoja mmoja, wengine wakashuka hadi juu ya maji, wakagusisha kifua baharini na kupaa tena. Basi na wao wanapiga mbizi yao.

Mama Wawili, Mwanza

Mimi nimeanza mazoezi ya kuogelea Jumamosi. Nimeelea dakika tatu.

Kijana wa Juani

Hongera sana dada. Tatu ni mwanzo mwema, kumi zitafika.

Mwalimu, nimechelewa kujibu kwa sababu picha yako niliipeleka kwanza kwa watu wanaoweka kumbukumbu za potwe. Madoa ya nyuma ya matamvua ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaofanana, na wanayalinganisha kwa programu iliyotokana na ile ya wanaanga ya kutambua nyota. Wamempata. Ni dume kijana, kama walivyo wengi wa hapa, na alishapigwa picha misimu minne kabla yako. Pezi lilikuwa zima msimu wa kwanza, kwa hiyo jeraha hilo alilipata katikati, huenda ni propela.

Zamani tulikuwa tunasema kaskazi ikiisha potwe wanahama, wanakwenda zao bahari za mbali. Watafiti wakawafunga vifaa vya kutoa mlio na kutega vya kusikiliza chini ya bahari. Ikaonekana wengi hawaendi popote. Wanasogea tu kwenye maji ya kina, mbali kidogo na ufuko, wanashuka chini ambako macho yetu hayafiki, na Oktoba uduvi ukirudi wanapanda. Kwa hiyo ukiwa huko Dodoma darasani, mwezi wa sita, kusi inavuma na hakuna boti inayotoka, huyo wako yupo hapa hapa nje ya Kilindoni.

Nikimuona msimu ujao nitapiga picha ubavu wa kushoto nikutumie.